Chungu Hakina Muhuri: Kweli na Uongo Kuhusu Vigae vya Katavi

Mvua za kwanza zikishanyesha Katavi, jembe huanza kugonga vigae vya vyungu. Vingine huibuka kwenye mashimo ya wachimba dhahabu kando ya Mpanda, vingine huachwa wazi na mawimbi kule Karema. Na hakuna kigae kinachokosa msemaji. Huyu atasema ni cha Mjerumani, yule atasema ni cha mababu wa miaka elfu, na wa tatu, asiyekosekana, atauliza kama ndani hapakuwa na rupia. Haya ndiyo madai yanayorudi kila mara.

"Chungu kisicho na muhuri hakijulikani umri wake."

Si kweli, na ndilo kosa linalozaa mengine yote. Muhuri ni desturi ya viwanda na maduka. Mfinyanzi wa Ufipa au wa Mpimbwe aliyemfinyangia jirani yake hakuwa na sababu ya kuandika jina. Jirani alikijua chungu kwa mkono uliokifinyanga. Hata Italia, nchi iliyojaa wakusanyaji wa vyombo vya kale, sahani nyingi za Faenza na Deruta za karne ya 16 hazina alama yoyote kitakoni. Wajuzi huzitambua kwa udongo unaoonekana palipovunjika, kwa mng'aro mweupe wa bati uliofunika udongo huo, kwa umbo na rangi. Kisha huzilinganisha na vyombo vilivyoharibika wakati wa kuchomwa vikatupwa palepale kando ya tanuru. Huko kuna msemo wa sokoni kwamba chombo kisicho na jina la nchi ni cha kabla ya 1891. Mwaka huo ilianza kutumika sheria ya Marekani iliyodai bidhaa zinazoingia kwao ziandikwe zilikotoka. Lakini bakuli lililotumwa Zanzibar lilihusiana nini na forodha ya Marekani?

Kwa hiyo kigae chako kitazame kwanza palipovunjika: mchanga mnene au laini, weusi wa katikati ambao moto haukuufikia. Halafu mdomo, shingo na nakshi. Usisahau kitako. Vyungu vya Urewe, vilivyoelezwa na Mary Leakey na wenzake mwaka 1948 kutoka magharibi mwa Kenya, vingi vina kishimo kidogo kilichobonyezwa chini. Kishimo hicho kinasema zaidi ya muhuri wowote: vyungu vya aina hiyo vilianza kufinyangwa katika nchi za Maziwa Makuu yapata miaka 2,500 iliyopita.

"Kinene na kibaya ndicho cha kale zaidi."

Uongo mtupu. Vyungu hivyo vya Urewe vina mistari iliyochorwa kwa mkono usiotetemeka, na mdomo uliosawazishwa kwa subira ambayo wengi wetu hatuna.

"Nakshi za kamba ni ushahidi wa ukale."

Nusu kweli. Nakshi ya kuviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi ilienea Maziwa Makuu kuanzia yapata miaka elfu moja iliyopita. Ukiiona, unajua kigae si cha zama za Urewe. Zaidi ya hapo haikuambii kitu, maana wafinyanzi wameendelea nayo hadi zama zetu.

"Chenye maua ni cha Mjerumani."

Mara nyingi si kweli. Mabakuli ya Ulaya yaliingia bara kwa misafara kabla Mjerumani hajatawala. Mengi yalitoka Maastricht, Uholanzi, yakiwa na mistari ya rangi au maua yaliyogongwa kwa sponji, nayo yakapitia Zanzibar. Muhuri wa kiwanda ulikuwa katikati ya kitako, mahali pamoja tu. Bakuli likivunjika vipande ishirini, kumi na tisa havina jina.

"Masizi mazito yanaonyesha umri."

Wiki moja ya kupika maharage inatosha kukitia weusi chungu kipya. Lakini masizi hayo hayo, au mabaki ya uji yaliyoganda ndani, yanaweza kupimwa umri kwa kaboni, kipimo ambacho udongo wenyewe haukikubali. Kwa hiyo anayesugua kigae kwa majivu ili king'ae amefuta kipimo chake. Na hata kaboni ina mipaka: kwa miaka 300 hivi ya karibuni majibu yake hutawanyika, hayatofautishi vizuri chungu cha bibi na cha bibi yake bibi.

"Kipeleke mjini, mashine itasema."

Dai hili linaudhi zaidi kwa sababu lina chembe ya ukweli. Kipimo kipo. Chembe za mchanga ndani ya kigae hukusanya nguvu kidogo kidogo kutoka kwenye mionzi ya ardhini. Maabara ikizipasha moto, hutoa mwanga, na mwanga mwingi ni miaka mingi tangu chungu kichomwe. Ila mpimaji lazima ajue ardhi ile ilikuwa na mionzi kiasi gani. Umemletea kigae bila udongo wake? Umempa nusu ya hesabu. Na kama ulikitia tena kwenye moto mkali, saa imeanza upya siku hiyo.

Uvinza, jirani zetu wa kaskazini, inaonyesha ardhi inavyosema. John Sutton na Andrew Roberts walichimba kwenye chemchemi za chumvi mwaka 1967, tabaka kwa tabaka, vigae vikiwa pamoja na mkaa. Mkaa ukatoa miaka, na miaka ikavipa vigae umri: chumvi ilikuwa ikipikwa pale tangu yapata karne ya 5 au ya 6. Vigae vile vile ndani ya gunia vingekuwa gunia la vigae.

"Nimekiokota shambani kwangu, ni changu."

Si rahisi hivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa.

"Cha ufukweni Karema ni cha kale kuliko ngome."

Hapa napenda kubishana. Ngome ilijengwa na Wabelgiji mwaka 1879, wakawaachia Mapadre Weupe 1885. Wakati wa ujenzi ziwa lilikuwa karibu. Lakini mto Lukuga, upande wa pili, ulikuwa umezibua kizibo chake mwaka mmoja hivi kabla, na Tanganyika likashuka takriban mita 10 kabla karne haijaisha. Nchi kavu iliyobaki chini ya ngome ilikuwa maji. Kigae kilichotulia hapo, kama hakikusombwa kutoka juu, basi ama kiliangushwa baada ya ngome kujengwa, ama ni cha zama za mbali ziwa lilipokuwa chini vilevile. Katikati hapana kitu. Kuanzia mwaka 2020 hivi maji yalipanda tena, na baadhi ya vigae hivyo vimerudi chini ya maji bila mtu kuandika vilipokuwa.