Fani na Matawi ya Mbuni

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara kuu ya kaskazini, akapita Ruiru, kisha Juja penye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, hata akawasili Thika, hukutana na vijana wengi ambao, wakiulizwa habari za masomo yao, hutaja kila mmoja fani yake. Na fani hizo zazidi kuwa nyembamba.

Neno hili limetujia kutoka Kiarabu, ambako fann, na wingi wake funun, ni namna, au sanaa, au mlango wa elimu; na katika asili iyo hiyo ya herufi limo neno fanan, yaani tawi la mti. Nasaba hii yastahili kutafakariwa, kwa sababu tawi, hata likiwa jembamba vipi, hulishwa na shina.

Ushahidi uko Ruiru yenyewe, katika kituo cha utafiti wa kahawa. Maradhi ya chulebuni, ambayo huletwa na kuvu iozeshayo buni zingali changa mtini, yalionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1922, na baadaye yakawatia hasara kubwa wakulima, kwa kuwa SL28, aina isifiwayo mno kwa ladha yake, haikuwa na kinga. Mjuzi wa maradhi ya mimea aliweza kumtambua adui, lakini hakuweza kuzalisha mche. Mzalishaji wa mbegu aliweza kupandanisha mibuni, walakini ladha ilingoja hukumu ya muonjaji. Kwa ushirika wa fani hizo ikatolewa, mwaka 1985, Ruiru 11, mibuni mifupi ihimiliyo chulebuni na kutu ya majani, ipandwayo kiasi cha miche 2,500 kwa hektari, karibu maradufu ya ile ya zamani. Mbegu yake hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono, kazi ya subira kubwa iliyofanya miche iwe adimu. Mwaka 2010 ikafuata Batian, ambayo huendelezwa kwa mbegu zake yenyewe.

Basi mkulima wa Thika aonapo buni zake zikioza hamjui mtaalamu wa kuvu wala wa udongo. Ajuacho ni shamba moja lililo hatarini. Nawasihi wakuu wa vyuo na vituo vyetu, kabla ya kufungua fani nyingine mpya, wawafunze wanafunzi wao kufika shambani hapo pamoja.