Ukienda Ukara kwa siku mbili

Ndugu msomaji, huenda una siku mbili za likizo na umesikia kwamba kuna kisiwa kilichotulia ndani ya Ziwa Victoria, kaskazini mwa Ukerewe. Kinaitwa Ukara. Nenda, wala usisite. Ila kabla hujafunga begi naomba unisikilize kidogo, kwa sababu mimi nilikwenda, nikapumzika vizuri, kisha nikarudi na kuulizwa swali moja dogo ambalo sikuweza kulijibu.

Kutoka Mwanza utapanda meli hadi Nansio, au utazunguka kwa barabara kupitia Bunda hadi Kisorya na kuvuka kwa kivuko. Ukishafika Nansio unatafuta gari la kukupeleka Bugolora, na hapo ndipo unapopanda kivuko cha kwenda Bwisya, Ukara. Safari ni ya vipande vipande. Ichukulie kama sehemu ya mapumziko, vinginevyo utafika umekasirika.

Wenyeji watakupeleka kwenye jiwe linalocheza, maana kila mgeni hupelekwa huko. Mwenyeji wangu alikuwa akinitazama kwa pembe ya jicho kuona kama padri atanuna, kwa sababu jiwe hilo lina mila zake za zamani. Sikununa. Nilisikiliza habari zake zote, na nakushauri ufanye hivyo hivyo. Mgeni aliyekuja kwa siku mbili hana haraka ya kuwahukumu wazee wa watu.

Lakini mimi nilivutwa zaidi na mashamba. Ukara ni kisiwa kidogo chenye watu wengi na mawe mengi, na Wakara wamejifunza tangu zamani kwamba ardhi ukiinyonya tu itakugeuka. Mababu zao walifuga ng'ombe ndani ya zizi, wakawakatia majani na kuwaletea, wakakusanya samadi na kuibeba kichwani hadi shambani. Haya waliyafanya kabla bwana shamba yeyote hajaja kuwafundisha. Pita polepole kwenye vijia vya mashambani. Salimia kila unayekutana naye, na ukiulizwa umetoka wapi na unakwenda kwa nani, jibu vizuri. Huko swali hilo ni sehemu ya salamu.

Jioni, kaa ufukweni. Usiku usio na mbalamwezi utaona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani hadi usijue maji yanaishia wapi. Simu iache ndani. Yangu niliizima, na nakiri kwamba saa ya kwanza mkono ulikuwa ukienda mfukoni wenyewe.

Nikiwa pale nilikumbuka Injili ya Marko, sura ya sita, tunayoisoma Dominika ya 16 ya Mwaka B. Mitume wamerudi kutoka utume wamechoka, hata nafasi ya kula hawana. Yesu anawaalika waende mahali pa faragha wakapumzike, nao wanapanda chombo. Watu wanawaona, wanakimbia kwa miguu, wanawatangulia kufika. Nilipokuwa seminarini nilidhani watu wale waliharibu mapumziko ya mitume. Sasa ninapokaribia sitini naona kwamba mapumziko waliyapata. Yalidumu urefu wa kuvuka maji. Waliposhuka, palikuwa na watu wanaowahitaji.

Kwangu mimi pia palikuwa na mtu. Ukishuka Bwisya, kumbuka kwamba maji hayo unayoyavuka ndiyo yaliyozamisha kivuko cha MV Nyerere, Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018. Ilikuwa siku ya gulio Bugolora. Kivuko kilichoruhusiwa kubeba abiria 101 kilikuwa kimejaa kupita kiasi, kikapinduka kikiwa karibu kabisa na gati, watu wa nchi kavu wakiwa wanaona. Walikufa watu 228. Waliookolewa ni 41. Marehemu wengi walichukuliwa na ndugu zao wakazikwe kwao, na wengine walizikwa pale pale Bwisya.

Katika parokia niliyowahi kuhudumu kuna mama aliyempoteza mdogo wake siku ile. Amelala Bwisya. Tangu hapo mama huyu hajapanda chombo chochote cha majini, na simlaumu. Kila mwaka alikuwa akileta nia ya Misa, na kila mwaka aliniambia, "Padri, siku moja uende ukamsalimie." Nami kila mwaka nilimjibu kwamba nitakwenda. Unajua sisi mapadri na majibu yetu. Kulikuwa na semina, kulikuwa na ujenzi wa kigango, kulikuwa na vikao.

Nilipokwenda hatimaye, nilikwenda kama mtu wa likizo, na makaburi niliyaweka asubuhi ya mwisho, kabla ya kivuko. Nilivaa stola, nikafungua kitabu, nikasoma sala zote bila kuruka hata moja. Nikanyunyiza maji ya baraka. Nikaangalia saa, nikaondoka.

Wiki iliyofuata nilimtembelea mama yule. Alinipokea, akaniwekea chai, akaketi karibu. Nilimweleza jinsi nilivyosali. Akanisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, kisha akauliza, "Na pamepaliliwa, Padri?"

Nilifungua mdomo, sikupata neno. Macho yangu yalikuwa kwenye kitabu muda wote. Sikuweza kumwambia kama pale palikuwa na majani au pamefagiliwa, wala kama kuna ua lolote lililoota. Nilikuwa nimesimama mahali ambapo yeye hawezi kufika, na sikumletea hata picha ya kichwani.

Hakunikasirikia. Alisema tu, "Basi, utakaporudi utaangalia."

Nimepanga kurudi Novemba, mwezi wa marehemu. Wewe msomaji ukinitangulia, usipange makaburi kuwa jambo la mwisho kabla ya kivuko kama nilivyofanya mimi. Nenda siku ya kwanza, asubuhi, kabla ya jiwe. Kama pana majani, nyumba za jirani hazikosi jembe la kuazima.