Butembo na Beni: Jipu la juu ya matako linalorudi hata baada ya kupasuliwa

Ni ugonjwa ambao vijana wengi huuficha kwa sababu ya mahali unapotokea: kwenye mfereji wa juu ya matako, karibu na kifandugu. Pahali huvimba, mtu akikaa anaumia, kisha usaha hutoka na maumivu hutulia. Baada ya wiki au miezi, jipu hurudi palepale. Kuna anayedhani ni bawasiri, akanunua dawa ya kupaka bila kupimwa.

Madaktari huuita sinasi ya pilonida, jina la Kilatini lenye maana ya kiota cha nywele. Nywele zilizokatika hupenya ngozi kupitia vitundu vidogo vya mfereji huo, zikisukumwa na msuguano, jasho na kukaa muda mrefu. Mwili huzipiga vita kama mwiba, na chini ya ngozi hujengeka vijia vya usaha. Zamani uliaminika kuwa kasoro ya kuzaliwa. Leo madaktari wengi wanakubali kwamba mtu huupata baada ya kubalehe. Wanaume vijana ndio wanaopatwa zaidi, hasa wenye nywele nyingi na wanene.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wanajeshi wa Marekani zaidi ya 70,000 walilazwa kwa ajili yake. Ukaitwa ugonjwa wa jeep, kwa kuwa wengi wao walisafiri kwenye magari hayo yenye kutikisika. Butembo na Beni, miji inayotenganishwa na kilomita zipatazo 54, watu husafiri kwa pikipiki, na motari hukaa kitini kutwa nzima. Si kila motari atapatwa: kukaa huchochea tu, chanzo ni nywele.

Jipu lililoiva hupasuliwa ili usaha utoke. Hiyo hutuliza maumivu, lakini vitundu na vijia hubaki, na kwa wagonjwa wengi jipu hurudi. Upasuaji kamili huondoa sehemu yote iliyoathirika. Kidonda kikiachwa wazi kijijaze kutoka chini, kupona huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Kikishonwa katikati ya mfereji hupona upesi, ila huweza kufunguka na ugonjwa kurudi. Ndiyo maana daktari Karydakis wa jeshi la Ugiriki alieleza mwaka 1973 mbinu ya kuhamishia mshono pembeni, mahali pasipo na jasho na msuguano mwingi. Mbinu nyingine, ya Limberg, huziba pengo kwa kipande cha ngozi ya jirani. Zote mbili hupunguza kurudi kwa ugonjwa.

Lakini kisu ni nusu ya kazi. Kidonda kinahitaji kusafishwa na kubadilishiwa bandeji mara kwa mara. Kwa mgonjwa wa kijijini, nauli, bei ya bandeji na usalama mdogo wa barabara vinaweza kumfanya akatize matibabu kabla hajapona. Kabla ya kukubali upasuaji, ni vizuri amuulize daktari: kidonda kitaachwa wazi au kitashonwa wapi? Nani ataendelea kukihudumia karibu na nyumbani? Nitarudi kazini lini?

Baada ya kupona, inafaa kuosha na kukausha eneo hilo, kuondoa nywele kwa njia atakayoshauri daktari, na kusimama mara kwa mara safarini. Uvimbe ukirudi, aende hospitali mapema, bila haya.