Falsafa na Matawi Yake

Neno falsafa limetufikia kwa njia ya Kiarabu, lakini asili yake ni Kiyunani, nalo maana yake ni kupenda hekima. Wengi hudhani kwamba ni maneno magumu ya wazee wenye ndevu. Sivyo. Mtu asiyetosheka na jibu la "Ndivyo wasemavyo watu," bali akauliza sababu, amekwisha kuingia mlangoni mwa falsafa. Matawi yake makubwa ni matano, nayo yote yaonekana katika kisa kimoja.

Mwaka 399 kabla ya Kristo, katika mji wa Athens, mzee wa miaka 70 aitwaye Socrates alishitakiwa kwamba haheshimu miungu ya mji na kwamba huwapotosha vijana. Desturi yake ilikuwa kuwauliza watu maswali hadharani. Akahukumiwa kufa kwa kunywa sumu. Alipokuwa gerezani, rafiki yake Crito alimjia kabla ya mapambazuko, akamwambia kuwa fedha ziko na njia ya kutoroka ni tayari. Socrates alitaka kwanza jambo lenyewe lipimwe. Habari hizi tumezipata kwa mwanafunzi wake Plato, maana yeye mwenyewe hakuandika kitabu.

Crito aliogopa lawama za watu. Socrates akauliza: Je, tufuate maneno ya wengi, au ya yule ajuaye? Mgonjwa hafuati shauri la kila mpita njia, bali la tabibu. Hili ni tawi la maarifa: kujua ni nini, na kwatofautianaje na kudhani?

Tawi la pili ni maadili. Aliyedhulumiwa, je, ni haki alipe ubaya kwa ubaya?

La tatu ni siasa. Socrates aliziwazia sheria za mji zikimwuliza kama yafaa azivunje leo, hali zimemlea tangu utoto. Raia ana deni gani kwa serikali yake, tena mpaka wapi?

La nne ni mantiki, yaani elimu ya kupanga hoja. Aristotle, mwanafunzi wa Plato, ndiye aliyeandika kanuni zake. Tazama hoja hii: Kila ndege huruka, mbuni ni ndege, basi mbuni huruka. Mwendo wake ni sawa kabisa, ila neno la kwanza si kweli, na kwa hiyo tumefikishwa kwenye uongo. Kwa hiyo hoja hupimwa mara mbili: mwendo wake, na ukweli wa maneno iliyoanzia.

La tano ni metafizikia, lichunguzalo asili ya kuwako kwa vitu vyote. Siku yake ya mwisho Socrates alizungumza na rafiki zake kama roho hufa pamoja na mwili.

Hakutoroka. Alikinywa kikombe cha sumu, akafa. Wako wasemao alitenda haki, na wako wasemao kwamba hukumu ya dhuluma haimfungi mtu. Wewe, msomaji, wasemaje? Nanyi mliokwisha kutoka shuleni, mlio maofisini na mabarazani, mwasemaje? "Ndiyo" au "siyo" peke yake haitoshi. Toa sababu zako, kisha umwache mwenzako azijaribu. Jibu lililokaririwa humponyoka mtu mara swali ligeuzwapo. Bali ajuaye sababu aweza kulitafuta tena mwenyewe.