Kuvuta Tela kwa Salama

Nguvu ya gari si ruhusa ya kulitwika bila ya mpango. Pikapu ya kadiri, mfano wa Hilux, huweza kuvuta tela zito. Lakini mzigo ukirundikwa nyuma ya magurudumu ya tela, tela huyumba hata likaipindua pikapu yenyewe. Basi yapasa uzito mwingi ukae mbele kidogo ya magurudumu, ili mahali pa kuungia pabebe kilo 10 mpaka 15 katika kila kilo 100 za tela na shehena yake. Likiyumba njiani, dereva asikanyage breki kwa ghafula. Aushike usukani sawasawa, aondoe mguu kwenye mafuta polepole. Roho za wapita njia ni amana mikononi mwake.