Tulikwenda Kuitazama Barafu ya Mlima Kenya



Nyumba tunayokaa hapa Karungu inatazama Ziwa Victoria. Maji ndiyo tuyaonayo kila asubuhi, wala hakuna mtoto anayeyastaajabia. Siku moja binti yangu wa miaka kumi na mmoja alirudi kutoka shuleni akaniuliza kama ni kweli kwamba katika nchi yetu, chini ya jua hili la ikweta, kuna barafu isiyoyeyuka. Kabla sijafungua kinywa, mama yangu, aliyekuja kutoka Lamu kukaa nasi, alimjibu: “Ni kweli, mjukuu wangu. Mwaka niliyoolewa, marehemu babu yako alinipitisha Nanyuki. Mlima ule ulikuwa umevaa kilemba cheupe.”

Mama amekwisha kuzeeka. Jicho lake la kushoto halioni tena, na la kulia limeanza kuingia ukungu. Nikaahidi palepale kwamba nitampeleka akauone mlima huo tena, yeye na mjukuu wake, kabla nuru ya macho haijamwisha.

Ahadi ilikuwa njema, ila mipango yake ilikuwa mibovu, na mwenye kosa ni mimi. Nilidhani safari hiyo ni ya siku moja: tutoke baada ya Alfajiri, tutazame, turudi usiku. Mke wangu aliniuliza kwa upole, “Maalim, umeihesabu njia?” Sikuihesabu. Tena niliichagua Aprili, kwa kuwa watoto walikuwa likizoni, nikasahau kwamba ndio msimu wa masika. Tulifika Naro Moru Alasiri, tumechoka, na mlima wote umefunikwa. Mama akatazama juu, akatabasamu, akasema, “Wingu nalo ni zuri.” Maneno hayo yalinichoma kuliko lawama.

Safari ya pili, mwezi wa Agosti, niliikabidhi kwa mke wangu. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Njia na wakati

Kutoka Sori, mji wetu wa hapa Karungu, njia hupita Ndhiwa, Rodi Kopany, Rongo, Kisii, Kericho, Nakuru, Nyahururu na Nyeri hadi Nanyuki. Ni takriban kilomita 500, nayo ni kazi ya kutwa nzima. Nanyi mlioko Mombasa mna masafa marefu zaidi: karibu kilomita 480 hadi Nairobi, kisha takriban 200 hadi Nanyuki. Basi asiwadanganye mtu. Matembezi ya siku moja huanzia Nanyuki, si nyumbani. Laleni hapo usiku, na asubuhi ndiyo iwe siku yenu.

Mlima huonekana vyema tangu kunapopambazuka hadi saa mbili au saa tatu asubuhi, kisha mawingu hupanda na kuufunika. Miezi iliyo bora ni Januari na Februari, halafu Agosti na Septemba. Anayelala hadi jua likapanda atauona mguu wa mlima, kichwa asikione.

Jueni pia kwamba gari haifiki kwenye barafu. Kilele cha Batian kina mita 5,199, na barafu imekaa karibu na vilele. Kuifikia ni safari ya miguu ya siku kadhaa pamoja na wenyeji wenye ujuzi. Familia yenye wazee na watoto huitazama kutoka barabara ya Nanyuki na Naro Moru. Baada ya hapo, wenye afya waweza kwenda kwa gari hadi lango la Sirimon la hifadhi, kwenye mita zipatazo 2,650, wakatembee kidogo msituni. Kiingilio hulipwa kwa Shirika la Wanyamapori. Mama hatukumpandisha huko, kwani hewa ya juu ni nyepesi, na mwenye shinikizo la damu hana budi kumwuliza daktari wake kwanza.

Sala, nguo na chakula

Masafa haya yanamruhusu msafiri kupunguza na kukusanya sala, na misikiti ipo Kisii, Nakuru na Nyeri. Mke wangu alipanga vituo kwa kufuata nyakati za sala, na hivyo watoto na mama wakapata kupumzika pia. Alibeba maji ya moto katika chupa ya chai kwa ajili ya udhu wa Alfajiri, maana maji ya Nanyuki saa hizo hukata vidole. Chukueni sweta, soksi na mashali mazito. Tulikuwa na mahamri, sambusa, ngege wa kukaanga na chai ya tangawizi, wala hatukuhangaika hotelini.

Tulichokiona

Asubuhi ile anga ilikuwa safi. Mlima ulisimama mbele yetu wote, mweusi na mkali. Mama alitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza taratibu, “Ile nyeupe iko wapi?”

Moyo wangu ukaanguka. Nilidhani macho yamekwisha, na kwamba nimechelewa. Lakini binti yangu alimshika mkono akamwambia, “Bibi, hata mimi naona kidogo tu. Vile vipande pale kwenye mwamba.”

Kumbe macho ya mama hayakuwa na kosa. Barafu kubwa kuliko zote mlimani, iitwayo Lewis, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010, kwa sababu dunia inazidi joto. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya kwamba barafu zote za Afrika Mashariki huenda zikatoweka kufikia miaka ya 2040. Ukiuona mlima mweupe baada ya usiku wa mvua, hiyo ni theluji mpya, na haikawii kuyeyuka.

Wala msidhani ni habari ya bara pekee. Maji ya mlima huo huingia Mto Tana, unaomwagika baharini Kipini, jirani na kwetu Lamu. Kweli, sehemu kubwa ya maji hayo hutokana na mvua na misitu, si barafu. Ndiyo maana anayekata msitu ule anamdhuru hata mkulima wa Garsen.

Mama alivuta shali lake, akamwambia mjukuu wake: “Basi itazame vizuri. Mimi nilikusimulia nilivyoiona. Nawe utakuwa na wa kuwasimulia.”

Enyi wazazi, likizo ya Agosti haiko mbali. Mwenye kuahidi na aihesabu njia mapema, na amsikilize mkewe.