Kompyuta Inayojizima na Kujiwasha: Je, ni Virusi?

Kompyuta ya nyumbani inapojizima na kujiwasha yenyewe mara kwa mara, aghalabu mwenyewe huamua kuwa imeingiwa na virusi, na pengine hufuta kila kilichomo. Uamuzi huo huweza kupoteza barua na picha za miaka mingi bure. Hapana budi kwanza kutafuta chanzo.

Ni kweli kwamba virusi huweza kuleta hali hiyo. Tarehe 11 Agosti 2003 ilizuka programu haribifu iliyoitwa Blaster. Hiyo haikungoja mtu afungue barua. Ilipitia katika intaneti na kuingilia kasoro iliyokuwamo katika mifumo ya Windows XP na Windows 2000. Ilibidi ibahatishe imekutana na mfumo upi kati ya hiyo miwili. Ilipokosea, huduma muhimu ya mfumo ilikatika. Hapo mfumo wa Windows XP ulihesabu sekunde 60, kisha kompyuta ikazimika na kuwaka upya. Kuzimika huko, basi, hakukuwa lengo la Blaster, bali matokeo ya kubahatisha vibaya. Aliyeifuta Blaster akarudi katika intaneti bila kuziba kasoro aliweza kushambuliwa tena, ingawa kiraka cha kuiziba kilikwisha kutolewa na kampuni ya Microsoft tangu tarehe 16 Julai.

Mkasa huo unatufunza utaratibu. Kwanza, kompyuta itengwe na mtandao. Ikitulia, huenda inashambuliwa kutoka nje.

Pili, iwashwe katika hali ya usalama, ambayo hupakia programu za lazima tu. Ikitulia hapo, yaelekea kosa limo katika programu. Mafaili yanakiliwe mahali pengine, kisha kompyuta isafishwe kwa programu ya kinga na kutiwa viraka vyote vya mfumo.

Tatu, ikiendelea kuzimika hata hapo, au kabla mfumo haujapakiwa, yapasa kuchunguza mashine yenyewe: feni iliyozibwa na vumbi, prosesa iliyopata joto kupita kiasi, au kisanduku cha kugawa umeme kilichochakaa. Waya wa umeme uchomolewe kabla ya kufungua kasha. Kisanduku cha umeme kisifunguliwe kamwe, kwani huhifadhi umeme wa hatari hata baada ya kuzimwa.

Kufuta kila kitu ni tiba ya mwisho. Hakuondoi vumbi, wala hakuzibi kasoro iliyoachwa wazi.